Hesabu ya meza za pool imeshuka tangu nihamie tokeni: nirudi koini au niende lipa namba?

MezaTatu #1
Wakuu, salaam.

Nina meza tatu za pool hapa Mwanza: Igoma, Buhongwa na Nyegezi, zote zimekaa kwenye baa za watu. Makubaliano ni asilimia 60 kwangu, 40 kwa mwenye baa, na kisanduku tunafungua pamoja kila Jumatatu asubuhi. Zamani zilikuwa zinakula koini mbili za 200. Nilipopandisha gemu kuwa 500, fundi akasema kubadili kisukumio (kile unachowekea pesa na kusukuma) kile koini nyingine ni gharama, akanishauri niachane na koini niweke tokeni: vipande vya shaba vinakaa kaunta, mteja ananunua kwa mhudumu, anasukuma, mipira inashuka.

Tangu hapo hesabu ya Igoma na Buhongwa imeporomoka. Nyegezi haijatikisika. Na watu wapo! Nikipita usiku nakuta meza imezungukwa, fimbo haziwekwi chini. Jumatatu tukifungua, tokeni ni kiduchu, lakini pesa iliyoko kaunta inalingana nazo sawasawa. Nitamshika nani?

Naomba msaada kwa mawili. Hela inapotelea wapi? Na je, niende koini ya 500 au niingie moja kwa moja kwenye lipa namba, mteja alipe kwa simu? Kuna kijana ananishawishi nifunge kifaa cha kulipia kwa simu.

Kimbulu #2
Napiga kambi hapa. Nina meza moja Mbagala na bado inakula koini.

MhasibuWaMtaa #3
Mkuu, hesabu kulingana haimaanishi hakuna anayekuibia. Tokeni inazunguka. Mwenye ufunguo wa pili anafungua kisanduku Jumamosi usiku, anachota tokeni, anazirudisha kaunta, zinauzwa upya na hela inaingia mfukoni mwake. Jumatatu unakuta mambo yamenyooka kabisa. Kwa koini usingeibiwa hivyo.

Funga kaunta ya kuhesabu ndani ya meza, zile za namba zinazosogea kila ulimi (kile kibao cha kisukumio kinachobeba tokeni) unapoingia. Namba haichotwi kwa mkono.

Fundi wa Mfereji #4
Natengeneza hizi meza Arusha na Moshi, naomba nieleze kilichomo ndani maana wengi wanajadili kitu ambacho hawajawahi kukifungua.

Kisukumio hakijui pesa. Kinajua upana na unene tu. Ukilaza kipande kwenye kitundu chake kikajaa vizuri, pini za ndani zinakandamizwa na ulimi unapita. Ulimi ukifika mwisho unavuta waya, waya unafungua lango, na mipira iliyokuwa imejipanga kwenye mfereji inabiringika hadi mbele. Kipande kikiwa chembamba au kidogo, pini inabaki imesimama na ulimi unagoma. Kwa hiyo washa ya chuma (kile kiduara cha kuweka chini ya nati) iliyonolewa vizuri ni pesa halali mbele ya meza yako, na tokeni ya shaba mtu mwenye mashine ya kukereza anakutolea kopo zima. Lakini za kughushi ungezikuta kwenye kisanduku, zingezidi pesa. Wewe unasema zinalingana, kwa hiyo hilo toa.

Ninachoshuku ni mlango wa pembeni. Mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, una njia yake ya kurudi: kwenye meza nyingine unatofautiana ukubwa na mingine, kwenye nyingine una chuma ndani na sumaku inauvuta upande wake. Mweupe wa asili ukipotea, watu wananunua wowote sokoni. Huo haurudi, unaingia mferejini na mingine, na gemu inasimama. Sasa nani anaufuata? Mhudumu. Ndiyo maana baa nyingi zinaomba ziachiwe ufunguo wa mlango wa mipira. Na mwenye ufunguo huo hahitaji tokeni, anafungua, anaitoa mipira yote, anachukua mia tatu yake mkononi, gemu inaanza. Kisanduku hakijaguswa na hesabu inalingana. Hata kaunta aliyoitaja #3 haitasogea.

Jibu hili kwanza: mpira mweupe wa Igoma ni wa asili?

Na huyo fundi aliyekwambia kubadili kisukumio ni gharama, mara nyingi kinachobadilishwa ni ulimi na vitundu vyake tu. Mwili wa kisukumio unabaki.

DadaKaunta #5
Hesabu ikishuka mhudumu, ikipanda mwenye meza hodari. Nimekaa kaunta Msamvu muda mrefu, niwaambie wezi ni akina nani: wateja wenu.

Wanakata chupa za maji za plastiki wanaziingiza kwenye mashimo yote sita. Mpira ukiingia haushuki, wanautoa kwa mkono, wanapanga upya. Tokeni moja wanacheza mpaka tunafunga. Ukiwasogelea wanajifanya wamezichomoa, ukirudi kuhudumia bia zinarudishwa. Mhudumu mmoja, ukumbi umejaa, na huyo mwenye meza hajawahi kutuachia hata soda. Nisimamie mashimo yake kwa lipi?

Kimbulu #6
Dada amesema kweli tupu. Mbagala wanatumia soksi.

Mtu wa Nakuru #7
Habari ndugu zangu wa TZ. Huku kwetu meza inakula mbao, yaani koini ya 20, na mambo yanaenda. Kuna wakati tuliingiwa na wasiwasi, Desemba 2018, Benki Kuu ilipotoa koini mpya zenye wanyama. Ya 20 ina ndovu. Za zamani hazikuondolewa sokoni, kwa hivyo kila mwenye meza ilibidi ajaribu zote mbili kwenye kila kisukumio asije akagombana na wateja.

Lakini mwenye uzi, mbona hamtaji bei? Kutoka 400 hadi 500 umeongeza robo nzima. Watu kuzunguka meza si watu kucheza. Wanatazama, wanabishana, wanashikilia fimbo. Hakuna aliyekuibia, gemu zimepungua tu.

MezaTatu #8
Asanteni, mmenifungua macho.

@Fundi wa Mfereji, Igoma mweupe tulibadilisha, ndiyo. Buhongwa ni wa asili, lakini nayo imeshuka.

@Mtu wa Nakuru, Nyegezi bei ni hiyohiyo 500 na haijashuka. Ingekuwa bei, zingeshuka zote. Tofauti ninayoiona ni kwamba Nyegezi mwenye baa anakaa kaunta mwenyewe.

Mlinganyo #9
Usikimbilie huko. Nyegezi una wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe, wanashuka jioni makundi kwa makundi. Mwanafunzi hajali mia, anajali kushinda mbele ya wenzake. Igoma na Buhongwa wateja wako ni bodaboda na vijana wa vibarua, mia kwao ni mia. Subiri chuo kifunge ndipo ulinganishe meza zako. Kwa sasa unalinganisha wateja.

Na #3, kwa koini pia unaibiwa vilevile. Mwenye ufunguo anachota koini na wewe hujui zilikuwa ngapi. Tokeni au koini, bila namba inayohesabu hujui kitu.

MhasibuWaMtaa #10
Koini ukichota umechota hela ya siku hiyo, imeisha. Tokeni moja inaweza kuuzwa mara tano kwa wiki. Ndiyo tofauti ninayoisema.

Mlinganyo #11
Mteja akilipa 500 mara tano, umepoteza 2,500 kwa njia zote mbili. Piga hesabu upya.

Kijana wa Saketi #12
Wakuu, mimi ndiyo kazi yangu, nimefunga vifaa vya malipo kwenye mashine za maji na meza chache hapa Dar. Nitasema mazuri na mabaya.

Kifaa chenyewe ni cha kawaida: ubao mdogo wa kompyuta (ESP32), moduli ya laini ya simu, relei (swichi ya umeme), na solenoidi (sumaku ya umeme) inayovuta ule waya wa lango badala ya ulimi. Mteja analipa kwenye lipa namba ya meza, mfumo unapokea taarifa ya muamala, unatuma amri, lango linafunguka. Kila gemu ina saa na dakika yake. Kufikia Jumatatu unajua Igoma ilicheza ngapi, saa ngapi, na hakuna anayeshika hela katikati. Mgawo wa mwenye baa unamtumia wewe. Hapo ndipo wenye baa wanaponuna, maana wamezoea wao kushika.

Mabaya. Taarifa ya muamala ikichelewa dakika mbili, mteja aliyelewa anaona ameibiwa, anaipiga meza mateke. Umeme ukikatika solenoidi haivuti, lazima uweke betri. Baa nyingi zina kona ambayo laini haishiki, na meza ya pool huwa inasukumwa kwenye kona hiyohiyo.

Kwa sehemu za hivyo ninapendelea namba ya siri. Kama LUKU: umeme unanunua kwa simu, unapewa tarakimu 20, unaziingiza kwenye mita, na mita yenyewe haina haja ya mtandao. Meza nayo inakuwa na vitufe. Mteja analipa, anapata ujumbe wenye tarakimu chache, anaingiza, mipira inashuka. Kifaa kinazitambua namba zake chenyewe na kila moja inatumika mara moja tu.

DadaKaunta #13
Hapo chupa za plastiki zimezuiwa na nini? Lango linafunguliwa mara moja, mashimo yameshazibwa.

Kijana wa Saketi #14
Hazijazuiwa, dada. Unaweza kuuza muda badala ya gemu: mteja analipia nusu saa, taa ya juu ya meza inawaka, muda ukiisha inazima. Azibe mashimo atakavyo, gizani hachezi. Kumbi za snuka zimefanya hivi tangu zamani, saa ya kuhesabia taa.

Kimbulu #15
Mchana je? Baa yangu iko chini ya mwembe.

Fundi wa Mfereji #16
Nilitaka kusema hilohilo. Taa ni ya ukumbi uliofungwa. Mwenye meza ya nje anapaka rangi kali kuzunguka mashimo na kuondoa zile nyavu au vikapu vinavyoshika chupa. Kuna wanaoweka koleo pana la chuma chini ya shimo, chupa inateleza yenyewe inaanguka mferejini, na aliyeiweka anaachwa na gemu iliyokwama na mweupe ndani. Baada ya hapo watu wenyewe wanakatazana.

MzeeWaZamu #17
Vijana, mnaongelea solenoidi, hakuna aliyegusia zamu.

Mchezo huu una utaratibu wake. Aliyefungwa analipa, mshindi anabaki. Ukitaka kuingia unaweka koini yako kwenye ukingo wa meza. Koini tatu ukingoni, watu watatu mbele yako, kila mtu anaiona na hakuna wa kubishana. Mtu anaweza kwenda kuagiza supu, koini yake inamlindia nafasi. Mkihamishia malipo kwenye simu, zamu inakaa wapi? Nimeshuhudia baa moja Temeke vijana wawili wamelipa kwa simu kwa wakati mmoja, kila mmoja anaonyesha ujumbe wake, lango limefunguka mara moja. Fimbo mbili zilivunjika usiku ule, na si kwa kucheza.

Na aliyefungwa kulipa ni jambo la papo hapo. Anaingiza mkono mfukoni anatoa. Kwa simu anaanza "salio sina, ngoja niombe", meza imelala dakika kumi. MezaTatu, dakika hizo ndizo hela yako.

Mtu wa Nakuru #18
Mzee ameongea. Hata huku mbao ukingoni ndiyo foleni. Mtu akiigusa ya mwenzake ni vita.

Bado Mgeni Leicester #19
Niko Uingereza, baa nyingi za hapa meza zina kisukumio au kisomea kadi cha kugusa, na nyingine zina vyote viwili. Wenyeji waliumia mwaka 2017. Pauni mpya yenye pembe 12 ilianza Machi 28, ile ya duara ikafa Oktoba 15 mwaka huohuo. Nusu mwaka tu, kila mashine nchini inayokula koini ya pauni, kuanzia maegesho mpaka pool, ikabidi ibadilishwe. Waliokuwa na tokeni zao hawakuguswa. Kwa hiyo tokeni si ujinga: benki kuu ikibadili koini kesho, wewe hulali njaa.

Kimbulu #20
Kwetu koini ya 500 imekaa tangu 2010, sidhani kama wataibadili.

Mlinganyo #21
2014, mkuu. Toleo la 2010 ni la noti ya 500, ile iliyokuwa inachakaa haraka, ndiyo maana wakaleta koini. Noti hiyo yenyewe ilikusanywa kati ya Januari 6 na Aprili 5, 2025, sasa si halali kwa malipo.

Fundi wa Mfereji #22
Na koini hiyo ni nzuri kwa meza. Ina upana wa milimita 27.5, ni chuma kilichopakwa nikeli, kwa hiyo hata kifaa cha umeme cha kutambua koini kinaijua vizuri. Vile vifaa vya volti 12 unavifundisha kwa kuviingizia koini halisi kadhaa, vinakariri. Tatizo lake ni bei: siku ukitaka gemu iwe 700 kwa koini hiyo pekee huwezi, utaruka mpaka 1,000. Koini ndiyo inayokupangia bei. Tokeni unaiuza unavyotaka, asubuhi 300, usiku 500, Ijumaa 700.

Chenji Hamna #23
Koini zenyewe ziko wapi? Mtaani kwetu koini zote zinaishia kwenye madubwi, zile mashine za kamari. Ile mashine haitoi chenji, inameza tu, mchina anakuja na begi anaondoka nazo. Konda anakudai mia mbili yake, huna.

Kimbulu #24
Dubwi limemaliza watoto wa mtaani kwetu. Angalau pool mtu anajifunza kulenga.

MzeeWaZamu #25
Wacha uongo Kimbulu, nimekuona Mbagala Rangi Tatu ukilenga, mweupe ulitoka nje ya meza.

Kimbulu #26
Meza ilikuwa imeinama mzee, mguu mmoja uliwekewa tofali.

Fundi wa Mfereji #27
Kwenye utani huo kuna kitu. Meza ikiinama, mipira inajikusanya upande mmoja wa mfereji na mingine haifiki nyuma ya lango. Mtu analipa, inashuka mipira kumi na miwili, anaitiwa mhudumu afungue mlango wa pembeni. Tunarudi palepale pa ufunguo. MezaTatu, chukua pima-maji uiweke juu ya meza za Igoma na Buhongwa kabla hujanunua kifaa chochote.

Mama Vinywaji Buguruni #28
Nasoma kimya tangu asubuhi, mimi ni mwenye baa. Wote mnaongea kama sisi ni washitakiwa. Asilimia 40 ninayopewa haitoshi kodi ya pale meza ilipokaa, ningeweka viti nane vya wateja wa chakula. Ninaikubali meza kwa sababu inawashikilia watu wanywe. Kwa hiyo gemu ikiwa bure kwangu ni faida, nauza bia. Mwenye meza anaumia, mimi siumii. Ukitaka nikulindie mashimo nipe sababu: nusu kwa nusu, uone kama kuna soksi itaingia.

Halafu lipa namba ya kwako peke yako, hela inaruka kichwani kwangu, mimi nasubiri unitumie? Sikubali hata siku moja.

MhasibuWaMtaa #29
Mama, ukipewa nusu na ufunguo ukabaki kwako?

Mama Vinywaji Buguruni #30
Ufunguo achukue. Mpira ukikwama nimpigie, aje. Asipokuja meza ikae.

Chenji Hamna #31
Mnasahau makato. Mwaka 2021 tozo za miamala ya simu zilipokuja watu walikimbia simu wakarudi kwenye keshi.

Kijana wa Saketi #32
Tozo ile ya Julai 2021 ilikuwa ya kutuma na kutoa, haikuwa ya kununua bidhaa. Ila ni kweli mwenye meza akitoa hela kwa wakala anakatwa, na kwa gemu ya 500 kila kumi inaonekana. Kaa nazo kwenye simu, lipia vitambaa na fimbo humohumo.

DadaKaunta #33
Na ujumbe feki? Mteja anakuonyesha "umepokea", kumbe ameuandika mwenyewe.

Kijana wa Saketi #34
Huo unamdanganya mtu, haudanganyi kifaa. Kifaa hakisomi simu ya mteja. Ila ukiweka lipa namba ya kubandika ukutani bila kifaa, mhudumu ndiye anayethibitisha, basi huo utaupata kila wikiendi.

MezaTatu #35
Nimerudi. Nimepima Igoma, imeinama upande wa mlango, kama alivyosema Fundi. Ufunguo wa mlango wa mipira nimeuchukua, kijana wa kaunta amenuna kidogo. Buhongwa meza imenyooka, mweupe ni wa asili, ila chini ya shimo la kona nimekuta kipande cha chupa ya maji. Nimefunga kaunta ya namba Buhongwa tu, Igoma nimeiacha bila, tokeni bado ni zilezile kote. Mwenye baa wa Buhongwa nimemwambia kuhusu nusu kwa nusu, amesema atafikiria.

Mlinganyo #36
Sasa umebadili vitu vitatu kwa wakati mmoja kwenye meza mbili. Hesabu ikipanda utajuaje ni kipi kimefanya kazi?

Mtu wa Nakuru #37
Ikipanda si inatosha? Mwache ndugu yetu ale.

Fundi wa Mfereji #38
Kaunta umeifunga kwenye ulimi au kwenye lango? Ukiifunga kwenye ulimi inahesabu hata zile sukuma ambazo lango halikufunguka, na utakuja hapa wiki ijayo kutuambia tokeni zimeibiwa.